Bwana Marhoun na Maganda ya Risasi

Bwana Marhoun bin Abdullatif, Mola amrehemu, alikuwa mtu wa kupenda vitu ving'aavyo, wala katika hilo hatuwezi kumlaumu, kwani alizaliwa Unguja mjini, katika nyumba ambayo njumu za shaba za mlango wake zilisuguliwa kila wiki kwa ukwaju na majivu. Aliporejea Omani na kupata kazi ya serikali hapa Ibra, tabia hiyo aliileta pamoja na masanduku yake, hata dele la kahawa nyumbani kwake lilimtosha kuwa kioo cha kufungia kilemba.

Kwa ami yake alirithi bunduki ya Martini, ile ya kale ya baruti nyeusi, imezayo ganda moja kwa wakati mmoja. Vita vilikuwa vimekwisha, na kazi ya bunduki hiyo ikabaki kuwa sikukuu na harusi. Desturi ya watu wetu ni kwamba msafara wa bwana harusi unapokaribia hupigwa baruti tupu, isiyo na risasi, na baba wa bibi harusi huijibu mbele ya hadhara. Baba asiyejibu huwa kama mtu aliyetolewa salamu akanyamaza.

Binti wa pekee wa Marhoun, Wadha, aliposwa na Hamed bin Mahrous wa Sinaw. Huyu Mahrous alikuwa mfanyabiashara aliyekulia Tabora, na ulimi wake ulikuwa na makali.

"Mkwe," alisema siku ya posa, "sisi wa bara tulifukuza simba. Nyinyi wa Unguja mlifukuza nini? Kunguru?"

"Tulifukuza ujinga," akajibu Marhoun.

"Inshallah. Siku ya harusi tutausikia mlio wake."

Tangu siku ile Marhoun hakuwa na raha. Lazima bunduki ijibu, tena mbele ya Mahrous.

Maganda ya bunduki zile yalikuwa hayaletwi tena. Watu waliyajaza baruti yale yale ya zamani, mara kwa mara, na kwa hiyo ujuzi wote ulikuwa katika kuchagua. Akatoka na mkewe, Bi Ghaniya, mpaka soko la Alhamisi la Sinaw, ambako mwanamke wa kibadui, Bibi Rahila, alikuwa ametandaza maganda juu ya shuka kati ya mbuzi na kamba. Mengine yaling'aa kama dhahabu, mengine yamefubaa rangi ya tende.

Marhoun akayaendea yaliyong'aa. Bi Ghaniya akachuchumaa kwenye yaliyofubaa: akalitazama kila ganda juani, akaupapasa mdomo wake kwa kidole, kisha akalitia maji na kusubiri kama litatoa jasho.

"Wafanya nini, Mama Wadha?"

"Nachagua vidau vya wanja, zawadi ya wakwe. Wabadui hutia wanja humu, wakaziba kwa kizibo cha ngozi."

"Ndiyo uchukue yaliyofubaa?"

"Wanja ukivuja, nguo ya harusi imekwenda. Hayo yako yamesuguliwa mchanga hata yamekuwa karatasi."

"Wewe tazama wanja, bibi. Silaha niachie mimi."

Bibi Rahila aliwatazama wote wawili kupitia matundu ya barakoa yake, akamfungia kila mtu mzigo wake.

Nyumbani Marhoun aliyasugua maganda yake kwa ukwaju tena, ili kuongeza nuru. Siku moja kabla ya harusi akayajaza baruti, akaenda kujaribu nyuma ya mitende. Ganda la kwanza lilipasuka ubavu na kunasa ndani ya bunduki, akalitoa kwa kijiti cha mishikaki. La pili likafanya vivyo hivyo. La tatu hakuthubutu kulipiga. Soko la Sinaw lilikuwa limekwisha, na wageni wangefika kesho baada ya Alasiri.

Akarudi nyumbani, akasimama mlangoni pa jiko.

"Mama Wadha."

"Labeka."

"Vile vidau umekwisha kuvijaza?"

"Zamani. Wanja nimeusaga mwenyewe, na vidau nimevifukiza udi."

Marhoun akakohoa. "Wanavyuoni wamesema, dharura huhalalisha yaliyokatazwa."

"Dharura ya nani?"

"Ya heshima ya nyumba hii."

"Uliniambia nitazame wanja. Nautazama."

Ilimbidi abembeleze, na hatimaye alipewa kwa sharti: avimwage mwenyewe, avioshe mwenyewe, na baada ya harusi avijaze tena mwenyewe. Alasiri yote alikaa uani akikwangua wanja kwa kijiti, mikono imemkolea weusi hata viganja.

Kesho yake msafara ukaja kwa kasida na vumbi. Mahrous akatangulia mbele, akapiga mshindo mmoja wa fahari, kisha akavuta mtambo wa bunduki yake ili kutoa ganda. Haukufunguka. Akaupiga kwa kiganja; haukufunguka. Hapo Marhoun akajibu, ganda likaruka nje kama panzi. Akajibu tena, na tena, mpaka moshi ukawafunika waimbaji na wazee wakamsifu Mola wao.

Mahrous akainama, akaokota ganda moja lenye joto bado, akalinusa.

"Mkwe, baruti hii ya wapi? Yanukia udi."

Ulimi wa Marhoun ulitamani kusema ni siri ya mababu. Lakini alikuwa ametoka msikitini muda ule ule, na uwongo ulimkwama kama lile ganda lililopasuka. Akaonyesha mikono yake myeusi, akasimulia yote, mchanga na ukwaju na sharti, kisha akangoja kicheko ambacho kingefika Sinaw kabla ya Magharibi.

Mahrous hakucheka. Aliangaza kushoto na kulia, akasogea.

"Maganda yangu mazuri yote kachukua mke wangu, Fawziya," alinong'ona. "Kayajaza wanja, zawadi kwa wanawake wa kwenu. Akaniachia haya yenye nyufa, akasema hazitoonekana."

"Yako wapi hayo mazuri?"

"Ndani kwenu. Katika kapu lake."

Na mishindo ya kuingia bwana harusi, ambayo ni zamu ya baba yake, ilikuwa bado haijapigwa. Basi wale wazee wawili, bunduki begani, wakaenda mlango wa wanawake, kila mmoja akimsukuma mwenziwe kwa kiwiko.

"Piga hodi wewe, nyumba yako."

"Piga wewe, mke wako."

Mwishowe walipiga pamoja.

"Nani?" akauliza Bi Fawziya kutoka ndani.

"Ni sisi," akasema Mahrous, kwa sauti ya mtu anayekwenda kwa jirani kuomba chumvi. "Tuna shida kidogo na vidau vyako."

Kikasikika kicheko cha wanawake, kisha kapu likasukumwa nje kwa mguu, na juu yake kijiti cha kukwangulia.