Nilihamisha Kikapu cha Tisa kwa Ajili ya Shemeji

Kosa ni langu, na nililifanya nikiwa na akili zangu, sijanywa wala sijachokozwa na mtu. Nawaandikia ninyi msionijua kwa sababu hapa Karatu wanaonijua wananisifu, na kila sifa inaniingia kama mwiba.

Jina nitawaficha, mengine nitasema. Shule niliiacha darasa la tano. Nimebeba mabegi ya wageni, nimeosha magari ya safari yanayotoka kreta ya Ngorongoro na tope hadi kwenye vioo, nimewapikia madereva chapati. Leo nina kambi yangu ya mahema juu ya barabara ya kwenda geti la hifadhi, na wazungu wanapanga safari huko kwao wakinitafuta mimi. Sikurithi hata kuku! Wenye digrii wanakuja kuniomba kazi na wananiita bosi. Nasema haya si kwa kujisifu. Au basi, najisifu, na ubaya wenyewe ulianzia hapo.

Kuna mgeni mmoja mzee alikaa kwangu wiki tatu. Alikuja na mchezo wa kwao, gofu ya visahani. Hakuna fimbo wala mpira. Unarusha kisahani cha plastiki kutoka kwenye alama mpaka kiingie katika kikapu cha chuma chenye minyororo, na aliyerusha mara chache ndiye mshindi. Alipoondoka aliniachia visahani vyake vyote na kikapu kimoja. Nikakipeleka kwa fundi wa kuchomelea, akanitengenezea vingine vinane kwa rimu za baiskeli. Nikapanga kiwanja cha mashimo tisa shambani kwangu, kupita kwenye mbaazi na mikaratusi mpaka kwenye korongo. Tunaita mashimo ingawa ni vikapu. Wilaya nzima nani mwingine alikuwa nacho?

Yule mzee alinifundisha pia namna ya kupanga. Alisema shimo gumu ni zuri, ila ugumu uwe wa kila mtu. Na penye hatari nipige mstari, kisahani kikivuka, mtu anaongezewa mrusho mmoja na anarushia pale mstarini, asiingie hatarini. Nilimwitikia ndiyo, ndiyo. Moyoni nilijua shamba ni langu.

Jumapili baada ya misa watu wakaanza kuja kucheza. Madereva, walimu, wachuma kahawa. Nikawafunga wote. Kiburi kikanipanda, nikawa natangaza hadi kwenye maduka ya vipuri mjini kwamba atakayenifunga mashimo tisa, nampa kazi ya kudumu ya kuwafundisha wageni mchezo huu, na chumba hapo hapo kambini. Nilisema mbele ya watu kwa sababu nilijua mtu huyo hayupo.

Kumbe yupo. Ni mdogo wake mke wangu, nitamwita Paulina. Mjane mwenye watoto wawili, kibarua wa kuchuma kahawa na kupanda vitunguu kwenye mashamba ya watu, msimu ukiisha na unga unaisha. Kazi ya mwaka mzima hajawahi kuishika maishani mwake.

Na ni mashoto. Siku ya kwanza alirusha kwa masihara tu, kitenge kiunoni, na kisahani kikatoka katika ule mkono wa kushoto kimya kimya kikaenda kikagonga minyororo. Baada ya miezi mitatu tukawa tunapishana mrusho mmoja, miwili. Watu wakaanza kuja kumtazama yeye.

Jumapili moja akaniuliza mbele yao, "Shemeji, kile chumba dirisha lake kubwa kiasi gani? Nataka nianze kushona pazia."

Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimeshakasirika. Nifungwe na mwanamke, mtu ambaye mwezi wa njaa anakula kwangu? Halafu madereva wakalisimulie hilo hadi Arusha? Tukapanga siku ya kushindana.

Ijumaa yake nilichukua sururu nikaenda shimo la tisa peke yangu, nikang'oa kikapu kilichokuwa katikati ya mbaazi, mahali pa wazi. Nikakisimika kandokando ya korongo.

Nisikilizeni vizuri, kwa sababu mtu akitazama haoni kitu. Kisahani cha mtu wa mkono wa kulia, kikianza kuchoka, kinapinda kwenda kushoto. Cha mashoto kinapinda kwenda kulia. Mimi nikaweka korongo lote upande wa kulia, na upande wa kushoto safu ya mikaratusi iliyobana kama ukuta. Wa mkono wa kulia anakirusha juu ya korongo, kinarudi chenyewe nyumbani. Mashoto akitaka kukirudisha inabidi aanzie kushoto, na kushoto kuna miti. Akinyoosha, mwishoni kinapinda kinazama korongoni. Kuna namna nyingine ya kurusha, kiganja kikitangulia mbele, ingemwokoa. Hakuwa anaijua, maana mwalimu wake nilikuwa mimi na hiyo sikumfundisha.

Wachezaji wangu wote walikuwa wa mkono wa kulia isipokuwa mmoja. Nililichimba lile shimo nikiwa na sura yake kichwani.

Na mstari wa hatari sikuupiga. Siku yenyewe nikatangaza kwamba korongoni hakuna msamaha, kisahani kikiingia utakifuata na utarushia humo humo. Nikasema mchezo huu si wa watoto. Wakashangilia.

Rafiki yangu Bura, dereva wa watalii tuliyeanza naye kuosha magari, alilikagua shimo akaja kuninong'oneza kwamba linapendelea upande mmoja. Nikamwambia aende akalinde gari lake.

Tulicheza. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, udongo mwekundu umeshiba maji. Kufika shimo la tisa Paulina alikuwa amenitangulia kwa mirusho miwili. Miwili! Alibakiza shimo moja tu awe na kazi.

Nikarusha mimi. Kikatoka, kikaelea juu ya korongo, kikarudi kikalala hatua mbili kutoka kikapuni. Akasimama yeye. Alitazama muda mrefu, miti, korongo, kikapu.

"Shemeji, kikapu kimehama."

"Kimehama kwa wote," nikamjibu.

Akarusha vizuri, jamani, kuliko nilivyorusha mimi. Kilinyooka mpaka nikaogopa. Halafu kikainama kulia taratibu, kikapotea ukingoni.

Bura akasema kwa sauti aruhusiwe kurushia juu, chini ni tope. Wengine wakaunga mkono. Nikasema sheria ni sheria, kama anaogopa aseme. Alivua viatu, akakaza kitenge, akashuka. Nilimwona anapita na nikageuza uso upande wa kikapu.

Kisahani alikipata. Lakini kutoka chini kikapu hakionekani, kwa hiyo akapanda kwenye ukingo wa udongo uliochomoza katikati ya ukuta wa korongo, ili aone anakorusha. Ukingo ukaachia. Haikutoa sauti kubwa, kama mtu kaangusha gunia. Tulipochungulia tuliona mkono na kichwa, kwingine kote udongo.

Tulichimba kwa majembe, tukaogopa kumkata, tukachimba kwa mikono. Alikuwa hai. Nyonga ilikuwa imepondeka. Watoto wake walikuwa wamekaa chini ya mikaratusi, mmoja ameshika viatu vya mama yake.

Alilala hospitalini miezi. Gharama nilitoa mimi zote, na mji mzima ukasema ona shemeji mwema, wa namna hii wamebaki wangapi? Padri alinitaja kwa mfano mzuri. Mke wangu alinipigia magoti, mke wangu! Walisema ni ajali, korongo lile ni la siku nyingi, Mungu ndiye apangaye. Nikaitikia amina.

Siku moja nilikuta yuko peke yake wodini. Nikamwambia kazi ni yake, na chumba, hata akiwa anafundisha huku amekaa kitini.

Akaniuliza, "Lile shimo, wa mkono wa kulia waliolicheza baada yangu, wangapi waliingia korongoni?"

Walikuwa wamelicheza wengi, kikapu kingali pale pale. Nikasema hakuna.

"Mimi niliomba kazi ya kushinda, shemeji," akasema. "Hiyo ya kupewa mpe mwingine."

Akageukia ukutani. Hakumwambia dada yake wala mtu yeyote, mpaka leo. Sasa yuko kwa mama yao huko Mbulu, anatembea kwa magongo mawili. Kibarua hawezi tena. Anakaa anachambua maharage ya watu.

Baada ya wodini nilikwenda shimo la tisa na visahani kumi nikavirusha kwa mkono wa kushoto. Mikono yangu haijazoea, kwa hiyo hata hilo halikunipa jibu. Nilitaka kimoja tu kifike, niseme kumbe iliwezekana. Vyote viliingia korongoni. Kiwanja kizima nimekivunja, vikapu vimelala nyuma ya jiko, na wageni wakiuliza nawaambia vimeoza.

Wewe unayewapangia wengine mahali pa kupita, iwe mchezo, iwe usaili wa kazi, iwe mtihani, weka ugumu wote unaotaka, watu watajikaza. Lakini ukijikuta unachimba huku unalo jina la mtu mmoja kichwani, weka sururu chini urudi nyumbani, hata kama ni kufungwa, ufungwe. Kufungwa kunauma Jumapili moja. Mimi nimepata kambi, sifa na heshima, na mezani kwangu mwenyewe nakula nimeinama.

Mke wangu husoma ukurasa huu wa barua gazetini kila wiki, ananisomea na mimi. Wiki hii nitamwachia gazeti mezani, na sitatoka mpaka amalize kusoma.