Fundo Moja la Uji wa Mama Mkwe

Aibu hii ina miezi minne sasa, na bado mtu akikohoa kwenye korido ya ofisi nageuka nikidhani ananicheka, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Neema tunayekaa naye meza moja kazini.

Mimi na mume wangu Shabani tulikubaliana niache sindano ya uzazi wa mpango, ile ya kila miezi mitatu, niliyokuwa nachoma tangu tuoane, kwa siri, maana kwao Kolo mama yake alianza kusubiri mjukuu siku ya harusi. Nesi aliniambia wazi: "Dada, usihesabu siku. Mwili unaweza kukawia miezi mingi, hata mwaka, kabla mambo hayajakaa sawa." Nikaitikia. (Nimesomea takwimu. Kuniambia nisihesabu ni kumwambia mbuzi apite shamba la mahindi bila kugeuza shingo.) Ikafika mwezi wa tano sijaona hedhi, chunusi zimejaa, nywele zinabaki kwenye kitana, nimepima ujauzito mara saba na hakuna kitu.

Ndipo mama mkwe akaja na mfuko wa unga wa uwele, akaanza kunipikia uji kila asubuhi. Mimi peke yangu! Shabani anapewa chai. Uji wenyewe wa kijivu, halafu nikiingia jikoni anafunika sufuria. Sasa kwa nini afunike? Nikajiambia tayari, amejua habari ya sindano, ananiwekea mizizi ya kizazi. Badala ya kumuuliza, nikaamua jambo dogo tu: "Mama, nitaunywa ofisini." Natia kwenye chupa ya chai, nikifika kazini Mtumba naumwaga nyuma ya jengo. Wiki tatu nzima.

Siku ya mkasa alinisimamia mlangoni. "Onja basi, mwanangu, nijue kama sukari imekolea." Nikameza fundo moja. Saa nne, chupa bado iko mezani, tumbo likanisokota, nikakimbilia chooni, nikakuta damu. Fundo moja! Nililia humo ndani, kichwani nikiwa nimeshaachika, nimeshakufa, nimeshazikwa. Nilipotoka, chupa iko wazi, watu sita wana vikombe, na mkuu wetu, Mzee Chiwanga, anajimiminia cha pili.

"Msinywe!" nikapiga kelele. "Mama mkwe ameweka dawa!"

"Dawa ya nini?" akauliza Mzee, akikiweka kikombe chini.

"Ya... ya kizazi."

Dereva wetu, jibaba la kilo mia, akashika tumbo kwa mikono miwili. Neema akampigia Shabani, Shabani akamwambia mama yake, na haikupita saa moja mama mkwe akashushwa getini na bajaji, kanga mbili mabegani.

"Shikamoo mama," wakamwamkia wote kama wanafunzi.

"Marahaba, wanangu. Nani amekufa?"

"Mama, huu uji una nini?" Mzee akauliza.

"Uwele, karanga na ubuyu. Nafunika kwa sababu ya nzi. Huyu amekonda, nywele zinakatika, nikasema hana damu." Akamimina uliobaki, akaunywa wote akiwa amesimama.

Nikiwa najitetea, nikasema kila kitu: sindano, miezi mitano, damu ya chooni, mbele ya watu sita na mlinzi wa getini.

"Sindano?" akasema. "Mimi nilichoma baada ya kumzaa Shabani. Nilipoiacha nilikaa karibu mwaka ndipo nikampata mdogo wake. Ungeniuliza ningekwambia. Kumbe nyumbani kwenu nilikuwa nalala na mpelelezi."

Ofisi nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Kesho yake akaondoka.

Damu ile ilikuwa hedhi tu; siku hizi inakuja inapotaka, nesi anasema mwili unajipanga, nami nimeacha kuidai tarehe. Nimeapa pia, nikimshuku mtu nitamuuliza yeye kwanza. Tatizo kiapo kimechelewa. Nilikwenda Kolo kumwomba radhi, akasema yamekwisha, akanitolea kiti uani, mimi niliyezoea kukaa naye jikoni kwenye kigoda tukichambua mboga. Mwezi uliopita nikaenda tena. Nilipofika getini kiti kilikuwa kimeshatolewa, kimefutwa vumbi, kimewekewa na kitambaa.