Mume Wangu Anauliza Mashine Imelijuaje Jina Langu

Asalamu alaykum Admin na nyote mnaosoma. Jina langu naomba lisionekane, wala mtaa usitajwe, maana mie kuonekana ndiko kulikoniponza. Nina miaka thelathini na moja, mke wa mtu, mama wa watoto wawili. Nimezaliwa Kengeja, nimeolewa Chake, huku huku Pemba. Mume wangu ni mtu wa swala tano, mpole, lakini akishaudhika hasikii la mtu.

Ilikuwa wakati wa kampeni. Nilikuwa natoka sokoni nikakuta njia imefungwa na watu wa mkutano wa upinzani. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwemo, akaniita nisimame naye hadi watu wapungue. Nikasimama. Jukwaani alikuwepo mwanamke akieleza tunavyohangaika na maji, na alivyokuwa mcheshi, nami nikacheka mpaka nikajisahau. Nikarudi nyumbani nikapika. Sikuona kama nimefanya jambo.

Siku si nyingi sheha, kiongozi wa mtaa wetu, akanipigia simu, nifike kwake kuna habari ya kitambulisho. Mume wangu alikuwa Mtambile kwenye karafuu. Nilipofika nikamkuta sheha yuko na bwana mmoja wa makamo, nadhifu, akifungua mdomo tu unajua ni mtu wa Unguja. Sheha akatoka, akatuacha wawili. Yule bwana akanionesha picha kwenye tableti. Ni mimi, nacheka, meno yote nje.

"Huyu si wewe, dada?"

"Ni mie."

"Na huyu wa ubavuni mwako?"

Alikuwa shemeji, kanyanyua bendera. Nikasema, "Simjui. Watu walikuwa wengi."

Hakunikemea. Bora angenikemea. Akaniuliza jina langu na la baba yangu, akanipiga picha ya uso, mbele, kisha kulia na kushoto. Halafu akasema kwa upole kabisa, "Haya, nenda salama. Haya mazungumzo ni yangu na yako. Ukimkumbuka huyo kijana utaniambia. Usipomkumbuka si neno, tutakuwa tunakuona."

Jamani, maneno yale yaliniingia mwilini kama homa. Kuanzia siku ile sikutulia. Kila nguzo yenye kamera naipita nimeinamisha kichwa. Nikienda dukani nazunguka njia za uani. Usingizi ukawa wa kuiba. Shemeji tunakaa naye nyumba moja, ananitania kama kawaida, nami kila nikimtazama naiona ile picha. Sikumwambia yeye, sikumwambia mume wangu.

Mwisho nikavaa nikabu. Mume wangu alikuwa akiniomba tangu tulipooana, nami nikimwambia bado, moyo haujawa tayari. Aliponiona nimejifunika, macho tu, alilia. Mama mkwe akanikumbatia, "Mkaza mwanangu, Mungu akuzidishie imani." Akawaeleza wenzake wa darsa, wakataka nikazungumze na wasichana niwaambie nilivyoongoka. Nikasingizia kichwa kinaniuma. Ningewaambia nini? Kwamba sikumuogopa Mungu, nimeogopa kamera?

Mwezi uliopita tulikuwa twende Unguja, kwenye harusi ya ndugu yake. Bandarini siku hizi pana ile mashine, unasimama mbele yake inakutazama. Mume wangu akatangulia. Mashine haikumjua, akaulizwa jina, akalitaja, akapita. Zamu yangu mlinzi akasema nifunue uso.

"Mke wangu hafunui mbele ya wanaume," mume wangu akasema.

"Sheikh, aitwe mlinzi mwanamke basi."

Akaitwa. Lakini mume wangu alishapandisha sauti, watu wanatutazama, na askari nao wameanza kusogea. Mie nikahofia watamchukua. Nikafunua. Yule dada akaitazama skrini, akanitazama mimi, akaitazama skrini tena. Akaniita kwa jina langu na la baba yangu. "Pita, Bi," akasema.

Vitambulisho na tiketi vyote vilikuwa mfukoni mwa mume wangu. Hakuna aliyekuwa amevitoa.

Ndani ya boti mume wangu alikaa kiti cha mbali nami. Tulipofika nyumba ya harusi akanivuta pembeni. "Mimi mwanamume, natembea kila siku, hawanijui. Wewe unayekaa ndani, umejifunika, wanakujua mpaka baba yako. Wamekujuaje?"

"Labda kwa kile kitambulisho..."

"Hata mimi ninacho kitambulisho. Nani yako yuko huko?"

Nikalia tu. Na kulia kwangu kukamthibitishia. Sasa anaamini nina bwana katika hao watu wa serikali, na kwamba nikabu nimeivaa ili nimwendee huyo bwana bila ya kujulikana. Tumerudi Pemba, analala kwa mama yake. Ametaka nikashike msahafu mbele yao, niape kwamba sijawahi kukaa faragha na mwanamume yeyote bila ya yeye kujua. Nikiapa, basi. Nisipoapa, ananipa talaka yangu.

Nami siwezi kuapa, kwa sababu nilikaa. Ndani kwa sheha, mlango umerudishwa.

Nikimweleza ukweli, namjua, hatangoja kuche. Atamfuata sheha, atagomba, na jina la mdogo wake nililolificha litamtoka yeye mwenyewe kwa hasira. Nikinyamaza naachwa kwa uchafu nisioufanya, na wanangu wakue wakiusikia mitaani. Kumwambia shemeji akimbie nako naogopa, akitoweka ghafla watajua ni mie nimemwonya, na simu yangu sijui nani mwingine anaisikiliza. Hata hapa nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Jana nimejikuta nimevaa nikabu jikoni, peke yangu, nakuna nazi.

Wale wa kunitukana nitawavumilia. Ila mwenye busara aniandikie hapa hapa hadharani, inboksi sitojibu mtu. Anasubiri jibu langu, na mama yake keshautoa msahafu kabatini. Nishike niape uongo, nimwambie nimpoteze mdogo wake, au niondoke kimya kimya nirudi Kengeja? Ingekuwa ni nyinyi, mngefanya lipi?