Mashine Nzito ya Nyapara wa Gereji

Mpaka leo mtu akichoma nyama ya kondoo karibu nami, naondoka. Wajukuu wananicheka, wanasema babu yao ni Mkipsigis wa ajabu, anakimbia mafuta. Wacha wacheke. Hawajawahi kulishwa mafuta ya ngozi ya kulalia, na mimi nimelishwa, tena nikiwa kazini, mchana kweupe, mbele ya gari la watu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kwenye shamba moja la chai upande wa Kericho. Nilikuwa gereji ya shamba, na kazi yangu ilikuwa kung'arisha magari kwa mkono. Rangi za siku hizo zilichoka upesi. Mvua ya kila alasiri, mvua ya mawe, vumbi jekundu la barabara ya Litein, na baada ya mwaka gari jeusi limekuwa la kijivu kama sufuria kuukuu. Nachukua kitambaa na dawa ya kusugulia, nazungusha mkono polepole mpaka nione meno yangu kwenye mlango. Nilifanya hivyo miaka minne. Rangi nilikuwa naijua. Nilijua kwamba kwenye mikunjo ya boneti na pembe za madigadi rangi ni nyembamba kama ganda la kitunguu, na hapo unapita kwa adabu.

Nilikaa kambini na mama yangu, chumba kimoja, jiko humo humo. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alichuma chai shamba hilo hilo, na vidole vyake vilikuwa vimeingia utomvu, weusi wake hautoki hata ukisugua na majivu. Magoti yalikuwa yameanza kumkataa. Lakini sheria ya kambi ilikuwa moja: anayelala kwenye chumba cha mchumaji, anafanya kazi. Ni fundi peke yake aliyepewa nyumba ya vyumba viwili na ruhusa ya kukaa na mzazi ambaye hafanyi kazi. Basi siku moja meneja, Mzungu aliyependa gari lake kuliko mbwa zake, akaniambia shamba litanunua mashine ya umeme ya kung'arishia, na nikilifanya gari lake vizuri nayo, ataniandika fundi. Nilimpa mama habari jioni hiyo. Aliuliza tu hizo nyumba za mafundi zina dirisha upande gani.

Mhindi mmoja mwenye duka mjini akatuletea mashine mbili tujaribu, tuchague moja. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya chuma kitupu, ukiiinua mgongo unajua. Hiyo, nakuambia, ilikuwa ya kusagia vyuma. Ilikimbia sana, na ilikuja na sahani ngumu ya mpira ya kufungia msasa. Ya pili ilikuwa ndogo, inazunguka taratibu, na ilikuwa na kofia yake safi ya manyoya ya kondoo ya kuvalisha sahani. Nikazijaribu zote kwenye madigadi ya zamani iliyotupwa nyuma ya gereji, ile kubwa nikiifungia kitambaa. Kipimo changu kilikuwa kiganja: unasugua kidogo, unasimamisha, unaweka kiganja juu ya rangi. Ukiweza kukiacha hapo muda wa kusema chamgei, salamu yetu, na kuitikiwa, rangi haijashika moto, iko salama. Kwa ile ndogo niliweza kumsalimia mtu na kumuuliza ng'ombe zake. Kwa ile kubwa nilitoa mkono kabla sijafungua mdomo.

Hakukuwa na la kujadili. Ila tulikuwa na nyapara.

Nyapara wa gereji alitahiriwa msimu mmoja na marehemu baba. Kwetu huyo ni baba yako. Humkatizi akisema, humrekebishi mbele ya watu, hata akisema mvua inatoka ardhini. Alikuwa mtu wa tumbo na filimbi, kucha ndefu, na tabia ya kufuta pua kwa kitambaa cha kazi halafu anakupa hicho hicho ufanyie kazi. Akazichukua zile mashine moja moja, akazipima mkononi vile watu wetu wanavyochagua jembe dukani. Sisi jembe jepesi tunamwachia mtoto. Jembe la kweli linakuvuta bega. Akaiweka ile ndogo chini kwa dharau, akasema ina homa, hata kelele haina. Akaikumbatia ile ya kusagia vyuma.

Nikamwita kando, nikamwambia taratibu, "Mzee, hii itachoma rangi."

"Mimi na baba yako tulikaa kichaka kimoja cha jando," akasema. "Leo wewe ndiye unanifundisha?"

Mhindi akaondoka na mashine ndogo, na kofia yake safi pia. Nikauliza basi hii kubwa tutaivalisha nini. Nyapara akasema hiyo aachiwe yeye.

Kesho yake akaja na kofia aliyoishona mwenyewe. Jamani. Alikuwa amekata ngozi ya kondoo ya kulalia kutoka nyumbani kwake, zile ambazo mama zetu walizilainisha kwa kuzipaka samli na mafuta mwaka baada ya mwaka. Hiyo ilikuwa imelaliwa na wazee, imekojolewa na watoto watatu kwa zamu, na viroboto walikuwa bado hawajapata habari ya kuhama. Manyoya yameshikana kama uji ulioganda. Aliifunga kwenye sahani kwa kamba, akaipigapiga kwa kiganja, akatabasamu.

Akaniamuru niwashe, nianze na boneti ya gari la meneja. Nikawasha. Lile dude likapiga kelele iliyomfurahisha sana, na mafuta yakaanza kuyeyuka. Yalinirukia usoni, kwenye macho, kwenye meno, ya uvuguvugu, na ladha ya mkojo wa zamani. Manyoya yakaungua. Harufu ilikuwa ya mzoga uliotupiwa motoni, na nyapara amesimama hapo akivuta hewa kama mtu aliyeitwa karamuni. Dawa ya kusugulia ikawa inateleza tu juu ya mafuta, haikati kitu. Akasema gari haling'ai kwa sababu nalibembeleza. "Kandamiza!"

Nilikandamiza. Ndiyo, mikono ilikuwa yangu. Pale kwenye mkunjo wa boneti niliona weusi unalegea, unajikunja, kisha kijivu cha rangi ya chini kikatokea, urefu wa mkono mzima, na manyoya yamenasa humo. Nilizima mashine. Sikuhitaji kuweka kiganja.

Meneja alikuja akiwa ameziba pua. Akatazama boneti muda mrefu. Akauliza kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Nani nachagua hii?"

Nyapara hakumeza hata mate. "Ni huyu kijana, Bwana. Mimi nilitaka ile ndogo."

Mzungu akanigeukia, akangoja. Sitamsingizia, alingoja kweli. Maneno yalikuwa mdomoni pamoja na yale mafuta. Lakini gereji nzima ilikuwa inatazama, na mtu wa rika la baba alikuwa amesimama mbele yangu, nami nikaangalia viatu vyangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliambiwa. Mimi nilisikia la mkuu, na guu likavunjika vilevile. Meneja akasema nihamie kuchuma chai kuanzia kesho.

Nilirudi kambini nikinuka. Mama alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha. Nilimweleza yote, na nitasema ukweli, nilitegemea anisifu. Nilitegemea aseme nimelelewa vizuri, sikumwaibisha mzee. Niliingoja hiyo sifa kama mtoto anayengoja kipande cha nyama.

"Baba yako angesema," akaniambia.

Nikamkumbusha kwamba yule ni rika la baba.

"Ndiyo. Na baba yako alimwambia mbele ya rika lote kwamba ni mwongo, nikiwa na mimba yako. Alimfichia kwa heshima ya rika? Alimwita mwongo, kwa sababu alikuwa anadanganya." Akainuka kwa kushika mlango. "Wewe hukumheshimu mtu leo. Umeogopa tu."

Nilijisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa petroli niliyotoka nayo gereji. Harufu ya ngozi haikutoka, na nilianza kushuku kwamba si ya ngozi peke yake. Yule nyapara alinichukiza, ananichukiza hata sasa akiwa mifupa. Lakini yeye alikuwa mwongo tangu kabla sijazaliwa, hakuna aliyetegemea jingine kwake.

Asubuhi tulitoka pamoja, kila mmoja na kikapu chake mgongoni. Msimamizi akatupanga mistari inayopakana. Kufika katikati ya asubuhi mama alikuwa amebaki nyuma kwa sababu ya magoti. Nikarudi kuchuma upande wake, naye akaniondoa mkono kwenye mti wake, akasema nichume wangu.