Njia Aliyoielekeza Bila Kuiona

Kwa miaka kumi na tisa Orencia Prada ndiye aliyeshika ufunguo wa nyumba ya mahujaji pale Villar de la Retuerta, kijiji chenye watu kumi na mmoja wakati wa kiangazi na watano wakati wa baridi. Mahujaji walifika alasiri, hoi, mizigo mgongoni, wakielekea kanisa kuu la Santiago kwa njia hii ambayo wengi hawaijui. Orencia aliwafungulia, akawaonyesha vitanda na bomba la maji ya moto, akawagongea muhuri kwenye vyeti vyao. Asubuhi alisimama mlangoni amejitanda koti la marehemu mumewe, akawaelekeza.

"Piteni kanisani, shikeni kulia, fuateni mishale ya njano. Hakuna duka mpaka jioni. Maji mtayapata chemchemi ya Fuentelobo, kilomita ya kumi na moja, chini ya mwaloni."

Mwaka jana, mwezi wa kumi, simu yake ililia. Alikuwa mwanamke wa Kibelgiji aliyelala kwake siku mbili kabla. Alizungumza polepole, bila kufoka.

"Mama, ile chemchemi imekauka. Tumeambiwa ni miaka sita sasa. Mume wangu alizimia njiani. Ameshapata nafuu, lakini tafadhali, usiwaambie wengine kwamba kuna maji."

Orencia alibaki ameshika simu ingawa mwenzake alishakata. Habari za chemchemi ile alizisikia kwa mumewe, aliyechunga kondoo upande huo ujanani. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona. Alipotaka kwenda mbali alipanda basi kwenye barabara kuu. Kwa miguu hakuwahi kupita shamba la ngano lililo nyuma ya makaburi. Miaka yote hiyo alikuwa akiwapeleka watu kwa mdomo mahali asipopajua.

Jioni ile alikwenda kucheza karata kwa Visitación, dada wa mumewe, kama kila jioni.

"Wifi, mwezi wa nne nakwenda Santiago."

"Kwa basi la saa ngapi?"

"Kwa miguu."

Visitación aliweka karata zake mezani. "Kwa miguu! Wewe ukienda kumwaga taka unarudi umeshika kiuno."

"Nitafanya mazoezi."

"Mbwa mwitu wakikuona watacheka kwanza."

"Wataniacha. Nyama yenyewe ngumu."

"Hapo umesema kweli," Visitación alijibu, akaziokota karata. Hakuuliza zaidi, lakini mchezo ule alishindwa, naye si mtu wa kushindwa.

Basi Orencia akaanza kupanga. Alitandaza mezani ramani zilizosahauliwa na wageni, akazigandisha kwa gundi mpaka Santiago ikaangukia ukingo wa meza. Wageni walitembea kilomita ishirini na tano, hata thelathini kwa siku. Yeye, mwenye miaka sitini na saba na goti la kulia lililokuwa likilalamika, alijipa kumi na tano. Alikata kila siku yao vipande viwili kwa penseli, na hapo ndipo shida ilipojitokeza: pale penseli iliposimama hapakuwa na nyumba. Palikuwa na jina la kijiji kwenye ramani, lakini alipouliza aliambiwa kwamba mtu wa mwisho alihama zamani, au kwamba paa limeanguka.

Mchana alitoka na mkoba alioachiwa na Mjerumani mmoja, ndani akiwa ametia viazi. Kwanza kilo tano mpaka makaburini, halafu nane mpaka daraja la reli. Gaudencio, mwenye gari la mkate linalopita Jumanne na Ijumaa, alisimama kando yake akashusha kioo.

"Mama Orencia, viazi hivyo unavipeleka wapi?"

"Navitembeza."

"Vikichoka viambie vipande garini."

"Vina kichwa kigumu kuliko mimi. Nipe mkate wangu uende."

Mwezi wa kwanza alianza kupiga simu kwenye nyumba za mahujaji zilizo mbele, moja baada ya nyingine. Nyingi zililia mpaka zikakatika zenyewe. Namba ya kitongoji kimoja cha milimani, upande wa Galicia, ilipokewa na sauti nzito.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nauliza kama mwezi wa nne kuna kitanda."

"Viko kumi na viwili. Chagua." Kisha yule mtu akacheka, kama aliyejishangaa mwenyewe. "Nisamehe, dada. Simu hii ikilia wakati wa baridi huwa ni msiba."

Jina lake Belarmino. Nyumba pale zilikuwa nne, na moshi ulitoka kwenye moja tu, yake. Alimweleza Orencia daraja lililobomoka na mahali pa kuvukia, akamwambia kuhusu mbwa anayebweka bila kung'ata na mwingine anayeng'ata bila kubweka. Alhamisi iliyofuata Orencia akapiga tena kuuliza habari za theluji. Baadaye hakutafuta sababu. Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni walizungumza: bei ya kuni, ndugu waliohamia Bilbao, namna ya kupika supu ya mboga na mafuta ya nguruwe. Belarmino alikuwa na maskhara mengi, na Orencia alikata simu mbavu zikimuuma.

Mwishoni mwa mwezi wa pili binti wa Visitación alikuja kutoka Zamora kumchukua mama yake. Walipakia godoro, televisheni na sanduku moja. Visitación alikaa kiti cha mbele, kipochi mapajani, hamwangalii mtu.

"Ufunguo wangu nimwachie nani, na wewe unaondoka?"

"Mimi nitarudi, wifi."

"Mimi sidhani."

Gari liliondoka. Orencia aliingia ndani kwa wifi yake, akazoa majivu ya jikoni, ingawa hapakuwa tena na wa kuwasha moto pale. Jioni nyingi baada ya hapo, jua likikaribia kuzama, miguu yake ilimpeleka mpaka mlango ule kabla akili haijakumbuka.

Aliondoka tarehe saba mwezi wa nne. Ufunguo aliutundika kwenye msumari, na chini yake karatasi: *Fungua mwenyewe. Fuentelobo hakuna maji. Jaza hapa.* Alitazama huku na huku, labda mtu angetoka kumuaga. Paka alivuka barabara, basi.

Kilomita ya kumi na moja aliikuta chemchemi. Birika la jiwe lilikuwa limejaa majani makavu. Alisimama akijaribu kumwona mumewe pale, kijana, anakinga maji kwa viganja. Alisikia upepo tu. Akala nusu mkate, akaendelea.

Siku ya tisa alifika kwa Belarmino. Alikuwa mtu mfupi, mzee kuliko sauti yake, na alikuwa amefunga tai. Moto ulikuwa umewashwa tangu mchana. Walikaa mezani, supu katikati yao. Njia nzima Orencia alikuwa amemwekea habari, za korongo waliojenga kiota juu ya mnara wa kengele, za mwanamke aliyemkanda goti. Sasa hazikutoka. Sauti aliyoizoea ilitoka kwenye uso asioujua.

"Chumvi imezidi?"

"Hapana, iko sawa."

"Miguu je?"

"Inauma."

"Lazima iume."

Belarmino aliinuka kuosha sahani, akampa mgongo. "Kwenye simu ulikuwa unacheka," alisema.

"Hata wewe."

Belarmino aliifuta kila sahani mara mbili, akaaga, akaenda kulala. Asubuhi alimsindikiza mpaka mwisho wa lami, akamwambia ajihadhari na utelezi. Orencia alitembea haraka mpaka kona ikamficha, kisha akakaa juu ya ukuta, akalia kidogo.

Alhamisi, akiwa mji wa Ourense, alipiga simu. Belarmino alipokea, akauliza nani amekufa, wakazungumza nusu saa kama zamani. Juu ya usiku ule wa supu hakuna aliyegusia.

Aliingia Santiago siku ya ishirini na mbili, manyunyu yakidondoka. Alimpigia mwanawe Roque. "Hongera, mama! Niko kazini, nitakupigia baadaye." Uwanjani mbele ya kanisa makundi ya watu yalikuwa yakikumbatiana, wengine wakilala chali juu ya mawe yaliyolowa. Msichana mmoja alimwomba awapige picha yeye na wenzake. Orencia alipiga tatu, asije mmoja wao akawa amefumba macho, akamrudishia simu yake. Halafu akajitwika mkoba, akaenda kutafuta mahali pa kula ambapo mtu anaweza kukaa meza peke yake bila kuangaliwa.