Muungwana Hafungiwi Bahasha

Kile kidude sijui jina lake kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kina jina refu la kuchosha ulimi. Ni kibandiko cha plastiki, upana wa vidole viwili, unakibandika juu ya mdomo wa bahasha. Ukikibandua, hata uwe na mkono mwepesi namna gani, kinaacha kwenye karatasi maandishi mekundu ya kusema bahasha imefunguliwa. Hakuna gundi, hakuna mvuke wa birika, hakuna ujanja wa kukirudisha. Mama yangu alipokiona kwenye simu alikiita lakiri, maana babu yake alikuwa karani na barua za enzi zile zilifungwa kwa lakiri. Basi na mie nikakiita hivyo hivyo.

Nilizinunua dukani Soho Road, hapa Birmingham, pakiti nzima, nimetoka shifti na nyayo zinawaka moto. Siku ile nilikuwa nimechoka. Kusema kweli sikumbuki siku ambayo sikuwa nimechoka. Tanga nilikuwa nesi, tena wa wodi ya wazazi. Watoto niliowapokea kwa mikono hii sasa wana ndevu. Birmingham mimi ni keya. Naogesha wazee, nawalisha, nawabadilisha, nawapeleka chooni, na nesi akija kuwapima presha mie nasogea ukutani nimpishe apite. Nesi mwenyewe mara nyingine ni msichana ambaye ningeweza kumzaa. Sina kinyongo naye, lakini kila akifungua ule mkoba wake moyo huniuma.

Nilitaka kurudi kuwa nesi, ndiyo hayo tu. Ofisi inayosajili manesi ilitaka chuo changu kithibitishe kwamba nilisoma nikafaulu. Chuo kilituma kwa posta, bahasha haikufika. Kikatuma tena, nayo ikapotelea hukohuko. Mwisho ofisi ikakubali niilete mwenyewe, kwa sharti: chuo kiifunge kwa lakiri ya namna ile, kigonge muhuri juu yake, nayo ifike haijafunguliwa. Ikifunguliwa ni karatasi za kufungia maandazi.

Na muda ulikuwa unakimbia. Matokeo yangu ya mtihani wa Kiingereza yalikuwa yanakaribia kuisha muda, na mtihani ule, jamani, uliniangusha mpaka walinzi wa pale mlangoni wakanizoea. Siku niliyofaulu nililia ndani ya basi, nikampa hofu mzee wa Kijamaika aliyekaa pembeni yangu, akanipa peremende. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Bahasha ikifika kabla matokeo hayajaisha, nimevuka. Isipofika, nianze upya, na nguvu ya kuanza upya sina.

Lakiri zikaenda Tanga ndani ya sanduku la mtu, pamoja na dawa za mama. Mama akazipeleka chuoni mwenyewe, na miguu yake ile. Mkuu wa chuo akafunga bahasha mbele yake, akagonga muhuri, nusu juu ya lakiri, nusu juu ya karatasi. Wa kuileta naye akapatikana: mama mmoja wa Kizanzibari, jirani yangu hapa Handsworth, aliyekuwa amekwenda Tanga msibani kwa wakwe zake.

"Mama, bahasha isiguswe," nilimwambia kwenye simu.

"Nani aiguse? Mie mtoto mdogo?"

Nikaenda kumpokea yule mama stendi ya Digbeth. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Birmingham, isiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Nilitoka shifti moja kwa moja, sare ndani ya koti. Alishuka kwenye basi la uwanja wa ndege na buibui lake halina hata mkunjo, utadhani katoka nyumba ya pili. Nikamwamkia, akaitika, nikampa pole za msiba, akazipokea. Akanikabidhi chupa ya achari, kanga, na mfuko wa karanga. Kisha akafungua mkoba wake wa begani, akatoa bahasha yangu iliyoviringishwa kwenye kitambaa cheupe kama mtoto mchanga.

"Hii nimelala nayo kifuani, mwanangu. Kwenye mabegi sikuiweka."

Nikafunua kitambaa. Mdomo wa bahasha ulikuwa umeshonwa. Naam, umeshonwa kwa uzi wa buluu, pindo la mkono, mishono midogo iliyolingana, kazi ya mama yangu ambaye ameshona nguo za mtaa mzima. Chini ya mishono, yale maandishi mekundu yalikuwa yameenea, na muhuri wa chuo umekatika katikati.

"Mamako, wallahi, mstaarabu," akasema yule mama. "Watu siku hizi wanakutupia mizigo imefungwa kama mahabusu wa polisi. Yeye kanikalisha, kanipa chai, kachukua mkasi kabandua ile plastiki, kanifungulia. Kanambia tazama mwenyewe, ni karatasi za shule tu. Nikamwambia bibi wee, ya nini? Akasema la, muungwana hafungiwi bahasha. Kisha kaishona mbele yangu. Nimefurahi mpaka basi."

Nikaiviringisha tena bahasha kitambaani. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akikubebea mzigo, unamwonyesha kilichomo, yeye anajifanya haangalii, kisha unafunga akiwa anaona. Ukimkabidhi mzigo uliofungwa umemtukana mara mbili: humwamini, na pengine unambebesha haramu. Nimelelewa hivyo. Mimi mwenyewe zile lakiri nilipozituma nilimfungulia msafiri pakiti, akaziona moja moja. Na nilikaa nikamweleza mama habari za ofisi na sharti na muhuri, nikasahau kwamba "kuguswa" kwake yeye ni kuguswa na mwizi. Kumwonyesha mgeni si kugusa, ni adabu.

"Ahsante sana, mama," nikamwambia. "Mungu akulipe."

Nikambebea sanduku lake mpaka kwenye teksi. Achari ilikuwa inavuja mfukoni na sikujali.

Rafiki yangu Mkenya, tunayefanya naye kazi, alipoiona bahasha alicheka kwanza, halafu akaona uso wangu akaacha. Tulikuwa kwenye chumba cha mapumziko, chai zetu zimepoa.

"Si ulibaki na zingine?" akaniuliza. "Fumua hiyo thread, bandika ingine juu. Nani atajua?"

"Itaonekana."

"Haujajaribu. Wewe jaribu kwanza, ndio ukuje unilie."

Nikajaribu. Nilifumua uzi, nikaiweka lakiri mpya juu ya mahali pa zamani bila kuibandika, nikaisogeza huku, nikaisogeza kule. Wekundu ulichungulia kila upande. Matundu ya sindano yakabaki, na ile nusu ya muhuri iliyobaki kwenye karatasi haikuwa na mwenzake. Yule aliyebuni kidude kile alijua watu, na aliwafikiria watu kama mimi hasa. Kama ingekubali ningeipeleka? Usiniulize. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka haulizwi swali kama lile.

Niliipeleka ilivyo, pamoja na maelezo yangu kwa Kiingereza kile kile kilichonitoa jasho. Wakanijibu vizuri, kwa upole sana, kwamba wanasikitika. Afadhali wangenitukana. Nikapiga chuoni, nikaambiwa mkuu yuko likizo na hakuna mwingine wa kutia sahihi mpaka arudi. Alikuwa anarudi baada ya matokeo yangu kuisha. Yalipoisha nilikuwa kazini namkata bwana mmoja kucha za miguu, na yeye ananisimulia habari za mpira. Nikamkata kucha zote vizuri, nikamvisha soksi.

Jioni ile mama akapiga.

"Enhe, wameipokea?"

"Wameipokea."

"Wamekubali?"

Nilikuwa nimekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Nilifikiria kumweleza. Nikafikiria presha yake, na safari zake za kwenda chuoni akipumzika kila penye kivuli, na ile mishono. Ukweli ungetaka nguvu, ungetaka nimtulize akilia, kisha nijitulize mwenyewe. Uongo ulikuwa neno moja tu.

"Wamekubali, mama."

Alipiga vigelegele nikaondoa simu sikioni. Jirani akasikika akiuliza kuna nini, mama akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Kuanzia hapo simu yangu haikupumzika. Hongera sista. Hongera nesi wa Ulaya. Binamu ambaye hajanijulia hali tangu nihame naye akanikumbuka, akaomba simu mpya. Mie najibu amina, amina, huku nafua mashuka ya watu. Nilijiambia uongo ule ni mzigo wangu peke yangu, haumdhuru mtu, nitaubeba kama ninavyobeba mengine.

Kati ya waliopata habari alikuwemo binti wa jirani yetu wa Tanga, nesi naye, anaishi Selly Oak, upande wa pili wa mji, kwenye nyumba ya kupanga chumba chumba. Alikuja kwangu siku ya mapumziko na keki ya dukani, akaniamkia mpaka nikaona haya. Naye alikuwa anangoja karatasi za chuo, na posta ilikuwa imemfanyia yale yale. Akaniuliza nilifanyaje. Nikamweleza habari za lakiri na muhuri, nikampa pakiti yangu, zilikuwa zimebaki za kutosha. Hayo mengine sikumwambia. Ningeanzia wapi, na keki yake tunaila?

Wiki zikapita. Asubuhi moja nikiwa kwenye mapumziko kazini, nimeegemea ukuta wa nyuma karibu na mapipa, mama akapiga. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye shughuli na anayeifurahia.

"Nina mgeni anakuja saa hizi," akasema. "Anasafiri kesho kuja huko kwenu. Mama wa yule binti wa Selly Oak kaniletea bahasha ya mwanawe, nimkabidhi mgeni mimi. Kasema wewe ndiye mzoefu, ya kwako ilipita. Na lakiri ni zile zile, mwanangu! Nimeshaandaa chai, uzi ninao, mkasi huu hapa."

Nilisimama wima.

"Mama, usiifungue."

"Nisiifungue vipi? Nimpe mtu mzima bahasha imefungwa hivihivi? Atanionaje?"

"Akuone atakavyokuona. Mama, nakuomba. Usiifungue."

"We una nini leo? Yako si niliifungua? Nikamwonyesha yule mama wa watu, nikaishona, na wakakubali."

Mwenzangu alifungua mlango akaniita, nikampungia mkono aondoke. Yule binti alikuwa ameshaniambia, kwa furaha, kwamba hospitali inamngoja, na visa yake inangoja hospitali.

"Hawakukubali, mama."

"Nani hawakukubali?"

"Ofisi. Waliikataa bahasha yangu. Mimi si nesi huku. Bado ni keya."

Nikasikia mkasi unawekwa mezani.

"Mbona ulinambia..." akaanza, akaacha. Kisha akauliza taratibu, "Waliikataa kwa sababu gani?"

"Ilikuwa imefunguliwa. Yale maandishi mekundu yanatokea ikifunguliwa."

"Mie nilidhani ndiyo nakshi yake."

"Najua, mama."

Nilimsikia anavuta pumzi kama anapanda ngazi. Ningeweza kumwambia makosa ni yangu sikumweleza sawasawa, au ni ya ofisi, au ni ya mvua ya Birmingham. Nilikuwa nimeshachoka kusema vitu vyepesi.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Ni wewe, mama."

Hakukata simu, na mie sikukata. Hodi ikapigwa kule Tanga. Mama akaitika karibu, karibu mwanangu, pita ukae, na kikombe kikagongana na sahani yake. Mgeni akauliza mzigo wenyewe uko wapi. Nikamsikia mama yangu, ambaye maishani mwake hajawahi kumfungia mtu kitu, akisema kwa sauti ya chini:

"Uniwie radhi, mwanangu. Utaibeba hivyo hivyo ilivyofungwa. Usinifikirie vibaya."