Sahani Iliyopinduliwa Mezani Kwetu

Sifa zote ni zako, Ee Mungu, uliyetufikisha uzeeni tukiwa na meno ya kutosha kula na akili ya kutosha kujicheka.

Bibi wa mchumba wa mwanangu alikuja kututembelea hapa ughaibuni, mtaa wa Thorncliffe Park, kutoka kijijini kwao Ufaransa, kijiji cha nyumba chache za mawe, kanisa moja, na duka lililokwisha kufungwa. Yeye ndiye aliyemlea binti huyo, na binti alikuwa amesema wazi: bibi asiporidhika nasi, hakuna harusi. Mwanangu alikosa usingizi wiki nzima. Mimi nililala. Katekista mstaafu hana wasiwasi. Amewafundisha wengine kutokuwa nao.

Mke wangu alipika wali na mchuzi wa mbuzi. Bibi alikula polepole, akaipangusa sahani kwa kipande cha mkate mpaka ikang'aa. Kisha akaipindua kifudifudi, mbele yangu.

Hakuna aliyewahi kunifundisha maana ya sahani iliyopinduliwa, kwa hiyo niliitunga papo hapo: ametukataa. Nikasimama. Nikaanza na Ibrahimu alivyowakaribisha wageni hemani, nikapitia subira ya Ayubu, nikaomba radhi kwa chumvi, kwa mbuzi, na kwa lifti ya jengo iliyokuwa imeharibika.

"Mwambie kwa Kifaransa," nikamhimiza mwanangu.

"Nimwambie nini, Baba? Hata mimi sijakuelewa."

"Mwache amalize," mke wangu akasema. "Tangu astaafu hajapata waumini."

Bibi naye alikuwa ametoa mkobani chupa ya jamu ya tini za bustanini kwake. Akachota kijiko kimoja, akaiweka juu ya mgongo wa sahani.

Binti akatueleza kwa Kiingereza, akijizuia kucheka. Zamani kijijini kwao maji yalichotwa kwenye chemchemi bondeni, na hakuna aliyeyapoteza kwa kuosha vyombo. Upande mmoja wa sahani ulikuwa wa mlo, wa nyuma ulikuwa wa kitu kitamu. Bomba likaja, wazee wakabaki na desturi yao.

"Lakini kwa wageni hafanyi hivyo, Baba," akaongeza. "Huona aibu, huomba sahani nyingine. Hivi ni kwa watu wa nyumbani tu."

Mwanangu akafunika uso kwa viganja. Nadhani alikuwa analia kidogo.

Nami, ili nionekane mtu wa nyumbani kweli, nikaipindua sahani yangu kwa heshima kubwa. Nilikuwa sijaipangusa. Mchuzi ulitapakaa kwenye kitambaa cha meza, ukashuka mpaka kwenye suruali yangu ya kanisani. Bibi alicheka mpaka akashika meza, kisha akasema maneno machache.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema harusi iwe upesi," mwanangu akajibu, "ili apate muda wa kukufundisha kula."

Nawe unayesoma, Mungu akujalie wakwe wavumilivu, riziki isiyokatika, na watu wa kukucheka kwa upendo. Amina.